Kamba Iliyovaa Sare ya Kwaya

Waliniibia siku ya gulio pale Ipinda, mchana kweupe, wakati nakula wali na samaki mbasa kwa mama lishe, hatua chache tu kutoka nilipoegesha gari. Niliporudi nikakuta keria tupu. Jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya kunyanyulia gari lililozama, haipo. Kamba ya kuvutia haipo. Beleshi halipo. Pingu mbili za chuma za kufungia kamba nazo hazipo. Hata mnyororo na kufuli nilivyokuwa nimefungia vitu vyote hivyo, navyo walikwenda navyo. Nilisimama nyuma ya gari langu kama mtu aliyechelewa msiba akakuta wamekwisha zika.

Kazi yangu ni udereva. Baba alipofariki alituachia, mimi na dada yangu, shamba la kakao na pikapu ya zamani inayovuta magurudumu yote manne. Dada ni fundi cherehani hapa Kyela mjini, na hajazaliwa mwanadamu anayemshinda kukata gauni la kitenge. Yeye alisema gari ni mnyama asiyemwelewa, nilichukue mimi. Nikalichukua. Tangu hapo nabeba kakao ya wakulima kutoka vijijini hadi ghala la ushirika, na msimu wa mpunga nabeba mpunga. Watu walishangaa mwanzoni kuona mwanamke anashuka kwenye gari lenye matope hadi kwenye vioo. Baadaye wakazoea. Sasa wanachoshangaa ni nikichelewa.

Asiyeijua Kyela wakati wa masika hawezi kuelewa kwa nini niliililia kamba. Mvua yetu haina adabu ya kupiga hodi, na udongo wetu mweusi ukishalowa hauachii kitu. Unashika kiatu, unashika baiskeli, unashika gari. Dereva wa huku bila kamba na jeki ni sawa na mvuvi bila mtumbwi: anaweza kusimama ufukweni akaeleza mambo mazuri sana, lakini samaki hapati.

Na kweli, wiki hiyohiyo nilizama Ndandalo, asubuhi na mapema, gari likiwa na shehena ya kakao. Mzee mmoja alikuwa anapita na jozi ya ng'ombe wake wa kulimia. Akasimama, akaniangalia nilivyokaa kwenye bodi la gari huku nimeshika tama.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu.

"Ndaga, baba."

"Vifaa vyako viko wapi?"

"Wameiba Ipinda."

Akalizunguka gari taratibu, akainama kuangalia ekseli, akarudi. "Basi leo winchi yako ina pembe," alisema.

Alifungua jembe la kukokotwa, akachukua mnyororo wake, akauunganisha na gari. Watu wakatoka mashambani bila kuitwa. Wengine walikata migomba iliyokwisha zaa, wakaitandika mbele ya magurudumu. Akina mama walisukuma kwa mabega, wanaume wakasukuma kwa maelekezo. Ng'ombe waliinamisha vichwa, gari likaguna, likatoka kwenye tope kwa sauti kama ya mtu anayevua buti lililojaa maji. Nililowa matope mpaka kwenye meno. Tulicheka pale barabarani hadi mzee mwenyewe akalazimika kumshikilia ng'ombe wake ili asianguke. Nilimwambia ndaga fijo mara nne, akanijibu niwashukuru wenye pembe.

Lakini huwezi kutegemea ng'ombe wa watu kila siku. Nikatafuta vifaa vingine kwa dereva mmoja aliyekuwa anastaafu, nikaapa kwamba hivi hataviona mtu. Kwanza niliviweka ndani, kwenye kiti cha abiria. Matope yakakauka yakawa vumbi, mpini wa beleshi ukawa unanichoma ubavuni kila nikikata kona, na abiria wangu wakawa wanakaa na jeki mapajani kama wamepakata mtoto wa watu. Nikaacha. Nikaamua kuvilaza sakafuni kwenye bodi, halafu nikapanga magunia ya kakao juu yake. Nilijiona nina akili sana.

Nilizama tena, safari hii njia ya kutoka Ipinda. Nikashuka nikachukue kamba. Kamba iko chini ya magunia yote. Ili nilitoe gari kwenye tope nilihitaji kamba, ili nipate kamba nilihitaji kushusha shehena nzima, na nikishashusha shehena nzima gari lingekuwa jepesi kiasi kwamba lingetoka lenyewe bila kamba. Ndivyo ilivyokuwa. Nilishusha magunia nikisaidiwa na wapita njia wawili, gari likatoka lenyewe, tukapakia upya. Wezi wasingeipata kamba ile kamwe. Na mimi pia sikuipata.

Nilipomsimulia dada, alikuwa na pini nne mdomoni anapima mkono wa blauzi. Alicheka pini zote zikadondoka, tukapiga magoti wote wawili kuzitafuta chini ya cherehani.

"Mdogo wangu, wewe unaficha," alisema akiwa bado sakafuni. "Kamba yako ni nyeusi. Kila kamba ni nyeusi. Mtu akipita nayo begani, nani atasema hii ni ya yule dada wa pikapu? Kitu usichotaka kiibiwe, kifanye kila mtu akijue."

"Nikiandike jina?"

"Jina linafutwa na mafuta ya taa. Niletee hivyo vitu."

Nikaenda garini nikaviburuta hadi ndani. Dada alichukua utepe wake wa kupimia, akaipima jeki ya Tanganyika kama anavyompima mteja, kuanzia juu hadi chini. "Hana kiuno," alisema, akaandika. Akapima kichwa cha beleshi. Akapima kamba ilivyozungushwa. Kisha akafungua kabati lililopo ukutani, akatoa mabaki ya kitenge ambacho nilikitambua mara moja, nikaanza kukataa kabla hajasema neno.

Kilikuwa kitenge cha sare ya kwaya yao. Dada anaimba sauti ya pili, na mwaka ule ni yeye aliyeshona sare za wanakwaya wote. Kitambaa cha zambarau, chenye maua ya njano makubwa kama sahani za wali. Kwaya ile imeimba karibu kila usharika kuanzia mjini hadi Matema ufukweni, kuanzia Ipinda hadi Njisi. Hakuna mwanamke wa wilaya hii aendaye ibada asiyekijua kitenge kile. Hata wasiokwenda ibada wanakijua, kwa sababu wanakwaya wanakivaa sokoni.

Alishona siku tatu. Jeki ikapata kanzu ndefu yenye vifungo mgongoni. Beleshi likapata kofia. Pingu zikapata pochi. Kamba ikapata mkoba mzuri wa kuning'iniza begani, na juu ya hapo dada akashonea vipande vya kitenge hichohicho kwenye kamba yenyewe, kila baada ya urefu wa mkono, kwa uzi wa kushonea viatu, ili hata ikitolewa kwenye mkoba ijulikane kwao ni wapi.

Nilipoegesha stendi asubuhi iliyofuata, madereva wenzangu walilizunguka gari taratibu. Halafu mmoja akauliza kwa upole, "Dada, leo beleshi linaenda kwenye ibada ya kwanza au ya pili?" Siku nzima ikawa hivyo. Nilijikaza. Jioni jeki ilikuwa bado ipo, na kanzu yake.

Aliyekasirika kwa kweli alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Ni mama wa makamo aliyenyooka, mwenye wajukuu, anayeimba sauti ya kwanza na kuwakemea wanaume wa sauti ya nne kwa jicho tu. Alikuja kwa dada Jumamosi, akavuta stuli, akakataa chai. Nilikuwa pale nimekuja kuchukua nguo zangu, nikatamani kupita dirishani.

"Sare ile tumeiombea," alisema. "Haiwezi kulala matopeni."

"Mama," dada akamjibu, "Pasaka tulipokwenda kuimba Matema, gari letu lilizama mchangani. Tulikuwa tumevaa nini?"

"Sare."

"Tulikaa mchangani kwa saa ngapi?"

Mama mwenyekiti alijifuta paji la uso, kana kwamba jua lile bado linampiga.

"Basi mdogo wangu ameahidi. Kwaya ikizama mahali popote, atakuja kututoa, hata kama ni Jumapili. Hatutakaa tena juani."

Nilikuwa sijaahidi kitu. Nilitikisa kichwa kukubali. Mama mwenyekiti akaomba kuona. Nikamletea jeki ikiwa imevaa. Aliigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akavuta vifungo kimoja kimoja. Tulisubiri.

"Pindo la chini umelipiga vibaya," alimwambia dada. "Rudia." Halafu akasema sasa anaweza kunywa chai.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika kwa namna ambayo sikuitegemea. Nikiegesha gari gulioni, mama muuza mchele anageuza kiti chake alielekee. Nikienda kula, narudi nakuta wanawake wawili nisiowajua wameegemea bodi wanapiga soga, wananiambia, "Tumekuwekea jicho, sare yetu hiyo." Watoto walikuwa wanaimba nyimbo za kwaya gari likipita. Nilianza kuacha vifaa kwenye keria, wazi kabisa, na havikuguswa hadi masika yalipokaribia kwisha.

Ndipo kamba ikapotea, huko Njisi. Nilikuwa nimekwenda kubeba mpunga kwa mkulima mmoja. Nikaegesha kandokando ya barabara, nikamfuata kwa miguu hadi nyumbani kwake tukakague magunia. Tuliporudi, mkoba wa kamba haukuwepo. Nilishangaa kwamba jeki ipo, beleshi lipo, pochi ya pingu ipo. Ni kamba tu. Nikaulizauliza, kila mtu alikuwa shambani. Nikapakia mpunga nikarudi mjini nimenuna njia nzima.

Nilitegemea dada anipe pole. Badala yake alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu yake na kuandika kwenye kundi la kwaya: wapendwa, mkoba mmoja wa sare yetu umechukuliwa Njisi leo, ndani una kamba, tusaidiane macho. Ujumbe ule ulitoka kundi la kwaya yetu ukaingia kwaya nyingine, ukaingia kundi la akina mama wa vikoba, ukamfikia hadi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, baba mmoja Mwislamu ambaye babu zake walikuja kutoka pwani. Naye nilipopita dukani kwake akanipa taarifa kwamba nimeibiwa, kana kwamba mimi sijui.

Siku ya nne simu ya dada iliita tukiwa tunakula. Akaiweka sauti ya nje. Alikuwa mama mmoja wa Njisi.

"Sare yenu nimeiona," alisema. "Imebebwa begani na mwanaume ambaye haimbi."

"Umejuaje haimbi?" dada akauliza.

"Ni jirani yangu. Akiimba, kuku wangu wanaacha kutaga."

Tulikwenda kesho yake asubuhi. Mama mwenyekiti aliposikia alisema atakuwepo, na alikuja amevaa sare kamili, gauni na kilemba, siku ya Alhamisi. "Ni kitambulisho," alisema, akapanda mbele. Dada akakaa katikati. Njiani mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno makali. Nilikuwa nayo mengi. Nilipanga kuanza na Ipinda na wali wangu na mbasa, niishie kwenye magunia niliyoyashusha mvuani.

Yule jirani aliyepiga simu alituonyesha nyumba, nyumba safi yenye uzio wa michongoma na kakao imeanikwa uani. Tukapiga hodi. Akatoka mwanamke wa rika la dada, ana mwiko mkononi. Alimpita dada kwa macho, akanipita mimi, akafika kwa mama mwenyekiti, akasimama hapo. Alikiangalia kitenge kuanzia kwenye kilemba hadi kwenye pindo. Akaweka mkono kiunoni.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi nani, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mwenye mkoba."

"Ndiyo, ni mimi. Ni wetu sote."

Yule mama akarudi nyuma hatua moja. "Wenu nyote? Mko wangapi?"

"Wanawake ishirini na sita," mwenyekiti alisema kwa fahari, "na wanaume kumi."

Dada ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu nilimsikia anakohoa ili asicheke. Mume alikuwa amerudi nyumbani na mkoba wa sare ya wanawake wa kwaya ya mbali, akasema ameuokota. Mke akajua kitu kimoja tu kinachoweza kumfanya mwanaume mtu mzima kurudi na mkoba wa mwanamke. Siku nne alikuwa hajampikia. Siku nne alikuwa anasubiri mwenye mkoba ajitokeze, na sasa amejitokeza, ana umri wa mama yake, amekuja na mashahidi wawili na gari.

Tulipomweleza kwamba ndani ya mkoba mlikuwa na kamba ya gari, aliketi kwenye ngazi. Mama mwenyekiti naye akaketi hapohapo kando yake, akaanza kucheka taratibu, kilemba kikamteleza. Yule mama akajaribu kubaki na hasira, ikamshinda. Walishikana mikono kama marafiki wa siku nyingi.

"Mume wangu," mke akaita kuelekea nyuma ya nyumba, huku anajifuta machozi, "njoo. Wake zako ishirini na sita wamefika."

Alitokea mwanaume mrefu, mpole wa sura, anaburuta miguu. Begani alikuwa na kamba yangu. Aliponiona mimi, akaangalia gari nyuma yangu, akaishusha kamba na kunikabidhi kwa mikono miwili bila kuambiwa.

Alitusimulia akiwa amesimama. Siku ile ng'ombe wake mwenye mimba alikuwa ametumbukia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Yeye na jirani zake watatu walivuta kwa kamba za katani zikakatika. Mtu akasema kuna gari barabarani lina kamba ya maana. Akakimbia, akaita, hakuna aliyeitika, akachukua. Wakamtoa ng'ombe. Aliporudi barabarani gari lilikuwa limeondoka.

"Na leo ni siku ya tano," nilisema. Hilo ndilo neno kali pekee lililobaki.

"Ni kweli, dada," alisema. "Siku ya kwanza nilikuwa nimeazima. Siku ya pili nikaona aibu. Siku ya tatu nikaanza kuipenda."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?" mke akauliza.

"Ulinikataza kumchunga ng'ombe karibu na mfereji."

Hapo hata mimi nilishindwa. Nilikuwa na haki ya kukasirika na niliitafuta hasira yangu kila mahali, lakini nilimwona mtu yule aliyekula ndizi za kuchoma siku nne kwa kuogopa kusema neno moja, na nilichohisi ni furaha tupu, kama ya siku ile ya ng'ombe wa Ndandalo. Nikamwambia akiiona tena sare hiyo barabarani, asichukue kitu, apige kelele. Nitakuja na gari lenyewe, limvute ng'ombe wake vizuri zaidi kuliko watu wanne.

Akatupeleka zizini. Ng'ombe alikuwa amezaa usiku wa jana yake, ndama wa madoadoa, miguu bado inamtetemeka. Mama mwenyekiti alimwombea ndama yule sala ndefu kuliko nyingine nilizowahi kumsikia. Mke akatupikia mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, akatuwekea na maziwa mgando, na mume alipewa sahani yake ya kwanza baada ya siku nne. Alikula bila kuinua kichwa. Mkoba ulikuwa na doa la tope la mfereji ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Yule mama alilisugua mwenyewe mara mbili, akaomba radhi kwa doa zaidi kuliko mumewe alivyoomba kwa kamba. Kabla hatujaondoka, dada alikuwa amekwisha mpima vipimo vya gauni.

Nikaweka kamba kwenye keria, ikiwa ndani ya mkoba wake. Ipo hadi leo. Madereva walionicheka stendi walianza kuja kwa dada mmoja mmoja, wakijifanya wanaulizia suruali. Mmoja alishonewa kwa kitenge cha sare ya harusi ya binti yake. Yule baba mwenye duka alileta jeki ya lori lake, akaomba ipate kitambaa cha kijani, cha heshima, kisiwe na maua.

Siku ile ya Njisi, wakati wa kurudi, tulipofika kwenye kipande kilichonyooka katikati ya mashamba ya mpunga, barabara imekauka vizuri na hakuna gari linalokuja, dada aliniambia nisimame. Nikadhani ameona kitu. Akasema anataka kujaribu kuendesha. Sikuwa nimewahi kumwona ameshika usukani maishani mwake. Tukabadilishana nafasi. Mama mwenyekiti alishika mkono wa mlango, akaanza wimbo kwa sauti ya chini, ili tu awe tayari. Dada alikanyaga klachi kama anavyokanyaga cherehani, gari likarukaruka mara mbili, likatulia, likaanza kwenda. Aliendesha polepole hadi karibu na mji, mgongo umenyooka, macho mbele, na kila mtu tuliyempita pembeni ya barabara alimpungia mkono, naye hakumpungia yeyote, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.